Mpanda Farasi na Mchukuzi

Miezi michache iliyopita nilisimama kando ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, mbele ya kijana anayeuza vitabu vikuukuu alivyovitandaza juu ya turubai. Kati ya vitabu vya hesabu na riwaya zilizochanika majalada nilikiona kimoja ninachokifahamu vizuri: Utenzi wa Rasi 'lGhuli, wa Mgeni bin Faqihi, uliotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1979. Nikakiokota, nikakifungua katikati, nikaanza kusoma palepale. Mashujaa wamepanda farasi, vumbi limetanda, panga zinagongana. Sikumaliza ukurasa. Nyuma yangu sauti ilisema, "Mzee wangu, nipishe, mzigo!" Nikajivuta pembeni. Akapita kijana aliyeinama, robota la mitumba limemlalia mgongoni, shingo inamchuruzika jasho, macho ameyaelekeza penye miguu yake. Hapakuwa na mtu aliyemwangalia. Mimi mwenyewe nilimwangalia kwa sababu tu alinikatiza utamu wa vita.

Nilikinunua kitabu kile, na kwa siku kadhaa nikawa nasoma huku namkumbuka mchukuzi yule. Tenzi za vita nimezifundisha kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu, kwanza kama mwalimu wa Kiswahili, baadaye kama mkuu wa chuo. Nilizisifu kwa moyo wote. Leo naomba kuzihakiki upya. Sitaki kuzishusha hadhi, maana bado nazipenda. Lakini kuna swali moja ambalo niliulizwa zamani, nikalikataa, na sasa naona nilikosea.

Tuanze na yule anayezitawala tenzi hizi, yaani askari wa zama za kati aliyepanda farasi, amevaa deraya na chapeo, ameshika mkuki, ngao na upanga. Mtu huyu alikuwapo kweli. Majeshi ya Kirumi ya Mashariki na ya Kiajemi yalikuwa na wapanda farasi waliofunikwa chuma, na pengine farasi wenyewe walivikwa deraya. Baadaye Ulaya ya Magharibi ikamfanya mpanda farasi wa namna hiyo kuwa mtu wa daraja la juu, mwenye ardhi na nembo. Lugha nyingi zimetoa heshima kutokana na farasi wake. Wafaransa walimwita chevalier, Wahispania caballero, na majina yote mawili yana farasi ndani yake. Waarabu walimwita faris, yaani mpanda farasi, na neno hilo likabeba pia maana ya ushujaa na uungwana.

Sisi tumelipokea neno hilo la Waarabu tukalifanyia jambo la ajabu kidogo. Katika Kiswahili, farisi ni mtu hodari, bingwa wa kazi yake. Fundi cherehani aliyebobea ni farisi. Mwalimu anayelijua somo lake ni farisi. Farasi ametoka, umahiri umebaki. Nadhani neno hili moja linatufundisha mengi juu ya pwani yetu kuliko kurasa nyingi za historia. Tulimpenda mpanda farasi, lakini farasi mwenyewe hatukuwa naye.

Wala hatukumkosa kwa uvivu. Katika sehemu kubwa ya nchi hizi farasi hakai. Mbung'o humwambukiza maradhi ya damu yanayomkondesha hadi afe, na visubi wa masika humletea ugonjwa mwingine unaoweza kumwangusha kwa siku chache tu. Masultani wa Unguja katika karne ya 19 walikuwa na farasi wao wachache wa fahari, lakini jeshi la wapanda farasi halikupata kuwa nguzo ya utawala wa miji yetu ya Waswahili. Nguvu ya miji hiyo ilikuwa majahazi na misafara, na katika misafara mzigo ulikwenda kwa kichwa na bega la mtu.

Kwa hiyo yafaa tujiulize: kwa nini washairi wa mahali pasipo na farasi wamejaza farasi katika tenzi zao?

Jibu la haraka, ambalo nilikuwa nikiwapa wanafunzi, ni kwamba washairi walifuata vitabu vya Kiarabu vya maghazi, yaani visa vya vita vya Mtume na masahaba, ambavyo msingi wake ni historia lakini mapambo yake ni mengi. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Mtu akichagua kisa kimoja kati ya vingi, na wasikilizaji wakakipenda kwa vizazi kadhaa, basi kisa hicho kina haja wanayoikidhi kwacho.

Chukua Utendi wa Tambuka, ambao huitwa pia Chuo cha Herekali. Ni katika tenzi za kale kabisa tulizo nazo kwa maandishi. Ulitungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728, na una beti zaidi ya 1,100. Kisa chake ni vita kati ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Warumi wa Mashariki, ambaye katika historia alitawala tangu mwaka 610 hadi 641. Ndani ya utendi huo majeshi yanakutana, mabingwa wanatoka mmoja mmoja kuitana, kila mmoja anajitaja jina na kujigamba, kisha farasi wanashtukizwa mbio. Seyidina Ali ndiye kilele cha ushujaa wote.

Sasa linganisha na historia. Msafara wa Tabuki ulikuwa mwaka wa 9 wa Hijra, yaani 630. Masimulizi ya Kiislamu yenyewe yanasema Mtume alifika Tabuki, akakaa siku kadhaa, akarudi bila kupigana na Warumi. Jeshi lile liliitwa jeshi la dhiki. Dhiki yenyewe ilikuwa joto, umbali, kiu, na uhaba wa wanyama wa kupanda. Katika Sura ya Tisa, At-Tawba, aya ya 92, wametajwa watu waliokuja kumwomba Mtume vipando ili waende pamoja naye, wakaambiwa havipo, wakarudi macho yao yakibubujika machozi.

Hapo ndipo penye kiini cha uhakiki wangu. Kisa cha kweli cha Tabuki ni kisa cha mwendo, na katikati yake kuna watu wanaolia kwa sababu hawana cha kupanda. Kisa cha maghazi, ambacho Mwengo alikirithi na kukitilia nakshi ya Kiswahili, kimeweka vita pale pasipokuwa na vita, kikampa kila shujaa farasi.

Simlaumu Mwengo kwa hilo. Mshairi si karani wa historia. Tena tukiutazama wakati wake tunaona alichokuwa akikifanya. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida walishuka Kilwa wakaiteka, kisha wakaichoma Mombasa. Mnamo mwaka 1698, baada ya kuizingira Ngome ya Yesu tangu 1696, Waomani waliwatoa. Na mwaka huohuo wa 1728, mwaka wa utendi wetu, Wareno walirejea Mombasa, wakakaa hadi 1729. Kwa hiyo watu wa pwani walikuwa wamewaona kwa macho yao Manasara waliovaa chuma, ila watu hao walishuka kutoka merikebuni kwa miguu. Deraya waliijua, farasi wa kivita hawakumjua. Msikilizaji wa Pate aliposikia jeshi la Herekali likija na chuma chake, hakuhitaji kuambiwa lilifanana na nani.

Kuna jambo jingine. Katika kurudi kwao mwaka 1728 Wareno walisaidiwa na Pate yenyewe, kwa sababu watawala wake walikuwa na ugomvi wao na Waomani. Siasa ya mji ilikuwa imechanganyika, rafiki na adui wakibadilishana viti. Utendi ukawapa watu uwanja ulio safi. Upande huu ni wetu, upande ule ni wao, na katikati bingwa amepanda farasi anamkabili bingwa mwenzake. Nguvu ya mpanda farasi katika ushairi ni hiyo. Anaonekana kwa mbali, ana jina, ana upande, na ugomvi wake unakatwa kwa pigo moja. Watu waliochoshwa na mambo yasiyo na mwisho hupenda kusikia jambo lenye mwisho.

Na umbo la utenzi limemfaa mno. Mizani nane, kituo. Mizani nane, kituo. Vipande vitatu vinaitikiana kwa kina kimoja, cha nne kinashika kina kinachorudi tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ukisikia msomaji hodari akiughani, mwendo wenyewe una kwato. Naamini wasikilizaji ambao hawakupata kumwona farasi wa vita walimsikia katika mizani. Huo ni ustadi mkubwa, na kila mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuujua.

Basi kasoro iko wapi? Iko katika mgawanyo wa majina. Soma Tambuka, soma Rasi 'lGhuli yenye beti zaidi ya 4,000, utaona kwamba aliyepanda ndiye mwenye jina, nasaba na maneno ya kusema. Wasiopanda mara nyingi huhesabiwa kwa maelfu, hufika kama vumbi na hufa kama vumbi. Shujaa anavuka majangwa, lakini haja ya maji na nafaka haituandami njiani. Tunamwona upanga umeng'aa bila kumwona aliyeunoa. Kumbe popote duniani alipokuwapo mpanda farasi mzito, nyuma yake walikuwapo watu wa miguu. Yule wa Ulaya hakuwa na farasi mmoja tu. Alihitaji farasi wa vita, wa safari na wa mizigo, kijana wa kumvika deraya, mhunzi, na mkulima aliyetoa nafaka ya kuwalisha wote. Mtu aliyeketi juu ya matandiko amebebwa na wengi, naye farasi ni mmoja tu kati yao.

Sasa nilieleze lile swali. Mwaka 1991 niliwapa wanachuo wangu insha juu ya ushujaa katika tenzi za vita. Kijana mmoja aliyetoka Kondoa alieleza vizuri yote niliyofundisha, kisha katika ukurasa wa mwisho akaandika jambo ambalo sikulifundisha. Alisema kwamba babu yake alikuwa akisimulia jinsi askari wengi wapanda farasi walivyofika Kondoa wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, farasi wakafa wakajaa njiani, na walipokwisha kufa watu wakakamatwa vijijini kubeba mizigo. Akauliza: kama farasi wa tenzi wangefika kwetu, wangeishi siku ngapi, na mzigo wao ungebebwa na nani? Nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni, "Nje ya mada." Nikamkata alama. Alikuja ofisini, akasimama mlangoni kwa adabu, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Nilidhani swali linahusu ushujaa." Nilimjibu kwamba swali linahusu tenzi. Akasema, "Sawa, Mwalimu," akaondoka.

Babu wa kijana yule alisema kweli. Mwezi wa Aprili 1916 kikosi cha wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, kiliingia Kondoa Irangi. Ulikuwa msimu wa mvua. Farasi walikufa kwa maelfu katika mapigano yale ya Afrika Mashariki, wengi wao si kwa risasi bali kwa mbung'o na maradhi. Wanyama waliposhindwa, waliobaki ni watu. Wajerumani walitumia wapagazi, na Waingereza wakawaandikisha kwa mamia ya maelfu, wengine kwa hiari na wengi kwa kushurutishwa, katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Walibeba risasi, unga, vipande vya mizinga na machela ya majeruhi. Kwa upande wa Waingereza peke yake wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, hasa kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Dar es Salaam ilitekwa tarehe 4 Septemba 1916, na wapagazi wakawekewa kambi nje kidogo ya mji wa wakati huo. Watu walilitamka jina la kikosi kwa ulimi wao, na jina likabaki: Kariakoo.

Kwa hiyo mahali nilipokuwa nimesimama nikisoma habari za mpanda farasi pamepewa jina na watu waliobeba baada ya farasi kufa. Hata mtaa mmoja wa hapo unaitwa Nyamwezi, kabila lililovuma kwa upagazi tangu misafara ya karne ya 19. Miaka yote nilipokuwa nikija Kariakoo kununua daftari na chaki za chuo, jibu la swali la yule kijana lilikuwa limeandikwa juu ya mabasi, nami nililisoma kama jina la kituo.

Hebu tuangalie pia tulivyowakumbuka. Katikati ya Dar es Salaam sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, inamwonyesha mtu mmoja, askari mwenye bunduki na singe. Maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi, lakini juu ya jiwe hawapo. Nairobi, ambako nako kuna mtaa unaoitwa Kariokor, sanamu ya mwaka 1928 ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Ni tofauti ndogo ya shaba, lakini mtoto anayepita hujifunza kwa macho kabla hajajua kusoma.

Najua nitajibiwa. Wapo watakaosema kwamba utenzi ni utanzu wa matendo makuu, na kubeba mzigo si tendo la kughaniwa. Utaweka nini katika beti elfu moja za mtu anayetembea? Hoja hii ina uzito, kwa kuwa mapambano yana mwanzo na mwisho, lakini mzigo hauna pigo la ushindi. Hata hivyo, utanzu wenyewe umekwisha kuonyesha kwamba unaweza kushuka kwenye farasi. Hemedi bin Abdallah wa Tanga alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima mwaka 1891, miaka michache tu baada ya vita vya Abushiri. Alitumia umbo lilelile la tenzi za maghazi, lakini akalijaza Tanga, Pangani na Bagamoyo, manowari na mizinga, na watu aliowajua. Hakuhitaji Herekali. Aliyaona makuu katika mambo yaliyotokea mbele ya macho yake, tena katika vita ambavyo watu wake walishindwa. Ikiwa kushindwa kunaweza kughaniwa, kwa nini kubeba kusiweze?

Na kuhusu mtu anayetembea, narudi Tabuki. Wale waliorudi wakilia kwa kukosa vipando hawakupiga pigo lolote. Hawakufika hata kwenye msafara. Lakini machozi yao yametajwa katika Kitabu, na mabingwa wa pambano ambalo halikutokea hawakutajwa. Mwenye kusoma aya ile kwa makini ataona kwamba ushujaa ulikuwa na kipimo kingine tangu zamani, na kwamba sisi tuliochagua farasi tulichagua kwa hiari yetu.

Sisemi tenzi za vita ziondolewe madarasani. Aziondoaye atakuwa amewanyang'anya vijana lugha tamu kuliko zote walizorithi. Nasema zisomwe mbele na nyuma. Tusome anayepanda, kisha tuulize nani hayupo. Uhakiki ambao haumruhusu mwanafunzi kuuliza hivyo ni kukariri kwa sauti ya kitaalamu, na nakiri kwamba mimi niliufundisha kwa miaka isiyopungua 20.

Juma lililopita nilirudi Kariakoo. Yule kijana wa vitabu alikuwapo, na wachukuzi walikuwa wakipishana kama kawaida, wengine na mikokoteni, wengine na migongo yao tu. Nilimwona mmoja akipita na marobota mawili kati ya bajaji na meza za matunda, hajagusa hata chungwa moja, bega lake likijua pembe ya kila meza. Nikasema moyoni, huyu ndiye farisi.

Ile insha ya mwaka 1991 sinayo, na yule mwanachuo sasa naye lazima awe karibu na kustaafu, kama yu hai. Lau ningeipata, ningefuta maneno yangu mekundu, nikamrudishia alama zake, kisha nikamwandikia chini: "Endelea. Mweleze babu yako aliitwa nani, alibeba nini, na alitembea kutoka wapi hadi wapi."